Tusiwakalishe Wazee Wetu Wenye Maradhi ya Figo



Aingiaye misikiti yetu ya mjini siku hizi huona safu ambayo utotoni mwetu haikuwako, nayo ni safu ya viti. Vya plastiki, vya mbao, vingine vya kukunja, vimepangwa ukutani au pembeni mwa safu, na haupiti muda ila huongezeka kimoja. Majumbani mambo ni yale yale. Binti huja kutuuliza kama mamake aweza kusali juu ya kitanda. Mkwe huuliza kama yafaa bibi atayamamu kwa kuwa njia ya kwenda chooni imemshinda. Majibu ya maswali haya yamo katika vitabu vya fiqhi wala hayana uzito, kwani dini imemfanyia mgonjwa wepesi, asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale. Hatuandiki leo ili kumtoa mtu kwenye kiti chake. Twaandika juu ya swali linalokitangulia kiti, ambalo ni mara chache kuulizwa: miguu ya mzee huyu ilikwenda wapi?

Kwa wengi jibu ni umri na maumivu ya magoti, na hayo yana mlango wake. Leo twataka kusema na familia zenye mzee aliyeambiwa hospitalini kuwa figo zake zimeanza kushindwa. Hawa si wachache tena katika mitaa yetu, maana sukari na presha, ambazo ndizo sababu kubwa za maradhi haya, zimekuwa wageni wa karibu kila nyumba. Tumewachagua hawa kwa sababu moja. Neno figo likishatajwa, jamaa huwa na yakini kwamba mgonjwa wao apasa kupumzishwa, na huko kupumzishwa ndiko kunakommaliza.

Figo hujulikana kwa kuchuja damu na kutoa mkojo. Kazi zake nyingine hazisemwi sana. Ndizo zitoazo homoni inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ndizo ziamshazo vitamini D ili mifupa iwe imara. Ndizo ziondoazo asidi ambayo mwili huitengeneza kila siku. Daktari huyaita maradhi kuwa ni sugu pale kasoro inapodumu miezi 3 au zaidi. Kwa damu kidogo iliyopimwa kreatini hukadiriwa kiwango cha uchujaji: kikidumu chini ya 60 kuna ila, kikishuka chini ya 15 mgonjwa amefika daraja ya 5, na mashine ya kusafisha damu iko karibu. Baina ya namba hizo mbili mna miaka mingi, na wazee wengi huishi humo hadi mwisho wa umri wao bila ya kuiona mashine. Suala ni wataishi vipi humo.

Mzee wa figo akisema amechoka, amesema kweli. Damu yake ni haba, asidi iliyobaki mwilini huitafuna misuli, chakula hakimpendezi, na usingizi wake ni wa vipande vipande. Twalisisitiza hili kwa sababu wako wanaodhani ni uvivu au kudeka. Lakini uchovu wa namna hii una hila yake: kila mgonjwa anapoutii, ndipo unapozidi. Msuli usiotumika huondoka, na uzeeni huondoka upesi mno. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wazee 12 wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Walipoinuka walikuwa wamepoteza, kwa wastani, karibu kilo moja ya nyama ya miguu kila mmoja. Wale hawakuwa na figo mbovu wala upungufu wa damu. Basi na tumpigie hesabu bibi wa miaka 70 ambaye figo zake tayari zinaila misuli yake, kisha akakalishwa, si siku 10, bali mwaka mzima.

Familia zina udhuru katika jambo hili, maana zamani hata matabibu walikuwa wakiwalaza wagonjwa wa figo kwa wiki na miezi. Mafundisho hayo yamegeuka, ila habari za kugeuka kwake hazijatufikia majumbani.

Tutoe mfano wa nyumba tuijuayo, nao ni wa dada yetu mkubwa, ambaye ametupa ruhusa tumtaje bila ya jina. Ana miaka 69, ni mjane, akaa Kibokoni katika nyumba ya ghorofa moja pamoja na binti zake wawili na wajukuu. Sukari ameishi nayo tangu mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa, presha ikafuata. Miaka michache iliyopita aliambiwa kliniki kuwa figo zimeingia daraja ya 3, na baadaye ya 4. Neno hilo lilipofika nyumbani lilipindua kila kitu. Siku hiyo hiyo ufagio uliondolewa mkononi mwake. Mbuzi ya kukunia nazi ikafichwa juu ya kabati. Marikiti, alikokwenda kwa miguu tangu ujana wake, akawa haendi tena. Vitu huletwa na kijana wa bodaboda. Kitanda chake kikateremshwa chini ili asipande ngazi. Akiona kiu huletewa maji, akitaka kutawadha huletewa beseni na birika pale pale alipo. Majirani walisifu sana. Walisema mama huyu amezaa, na binti hawa wamezipata radhi. Nasi hatuna shaka na mapenzi yao mpaka leo.

Mwaka haukwisha kabla ya miguu kutoa jawabu lake. Alianza kwa kushika ukuta. Kisha ikawa akisujudu hawezi kuinuka mpaka mjukuu amtie mkono kwapani. Mwisho alituita, tukaketi naye, naye akatuuliza swali lile lile la kiti. Tulimjibu hukumu, kisha tukamuuliza ni daktari gani aliyemwamuru akae. Alifikiri kwa muda.

“Hapana aliyenambia nikae, ndugu yangu,” akasema. “Walinambia nipunguze chumvi. Kukaa nimekalishwa.”

Binti yake mkubwa alikuwa mlangoni akisikia. “Mjomba,” akasema, “na akianguka je? Watu watatwambiaje?”

Lilikuwa swali la haki, nalo tutalirudia. Tulimshauri asilipeleke kwa sheikh wala kwa jirani, alipeleke kliniki. Akaenda na mamake. Daktari alimsikiliza moyo, akampima presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, akaangalia nyayo zake na ripoti ya macho, kisha akasema kuwa si kwamba mazoezi ameruhusiwa tu, bali ni sehemu ya dawa zake.

Twapenda wasomaji wetu wajue kuwa neno la daktari yule halikuwa rai yake peke yake. Jumuiya ya kimataifa ya KDIGO, ambayo hutoa miongozo ya tiba ya figo, ilisema katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kuwa mwenye maradhi sugu ya figo ashauriwe kufanya mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, au kwa kadiri moyo na mwili wake vinavyohimili, na kwamba aepuke kukaa kitako muda mrefu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwongozo huo haukuwasahau wazee walio katika hatari ya kuanguka. Wataka hao waelekezwe aina ya mazoezi na kiasi cha nguvu yake, wasiachwe wajikisie wenyewe.

Na wagonjwa wenyewe wamejaribiwa. Huko Italia ulifanywa utafiti uitwao EXCITE, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2017, kwa wagonjwa 296 ambao tayari wako kwenye mashine, yaani wale ambao kwetu hata kikombe hawaruhusiwi kujiinulia. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliendelea na maisha yake. Kundi la pili liliagizwa kutembea nyumbani, katika siku zisizo za mashine, vipindi viwili vya dakika 10, kwa mwendo wa pole uliopangwa kwa kidude kinachogonga mapigo, kama kile watumiacho wanaojifunza muziki. Hawakupewa chombo kingine wala kupelekwa ukumbi wa mazoezi. Baada ya miezi 6 walipimwa ni umbali gani mtu aweza kutembea kwa dakika 6. Waliotembea walikuwa wametoka wastani wa mita 328 wakafika 367. Wenzao walitoka 321 wakafika 324, yaani walibaki pale pale. Wakapimwa pia kuinuka kitini mara tano mfululizo: waliotembea walitoka sekunde 20.5 wakafika 18.2. Si wote waliomaliza, na wasiopungua robo ya waliopewa mazoezi waliacha njiani, jambo ambalo halitushangazi sisi tunaofundisha darsa za watu wazima.

Msomaji kijana ataziona mita 39 kuwa si kitu. Amuulize bibi yake ni hatua ngapi kutoka kitandani hadi chooni, na kutoka mlangoni hadi kwa jirani aliyefiwa.

Wale ambao hawajafika kwenye mashine nao wana habari yao. Kule Uswidi wagonjwa 151 walifanya mazoezi kwa mwaka mzima, dakika 150 kwa wiki, wengi wao ni watu wa miaka sitini na sabini. Wote walifanya mazoezi ya pumzi. Baadhi waliongezewa ya nguvu za misuli, wengine ya kujizuia wasianguke. Makundi yote mawili yaliongeza nguvu za miguu na umbali wa kutembea. Na Marekani, katika utafiti mkubwa wa wazee wa miaka 70 hadi 89 waliozoea kukaa, wengine walipewa mazoezi ya kutembea, ya nguvu za miguu na ya mizani ya mwili, wengine wakapewa masomo ya afya tu. Damu za wazee 1,199 kati yao zilipimwa tena baada ya miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022: figo za waliofanya mazoezi zilishuka polepole zaidi.

Hapa twaomba tusimame kidogo, kwa kuwa mitaani kuna wauzaji wa maneno. Tofauti ile ya figo ilikuwa ndogo. Mazoezi hayarudishi figo iliyokufa, na amwambiaye mgonjwa aache dawa akimbie, au anywe mizizi fulani kisha atembee, anamdanganya. Faida iliyo dhahiri ni ya miguu, ya pumzi, ya presha na ya moyo. Na moyo si jambo dogo katika maradhi haya, kwani wengi wa wagonjwa wa figo huondoka kwa maradhi ya moyo kabla figo hazijafika mwisho wake.

Kuna pia wasemao, tena mimbarini, kuwa Muislamu hahitaji mazoezi kwa sababu anasali. Hatukubaliani nao. Sala ni ibada, hatuisali kwa ajili ya magoti. Ni kweli kuwa sala tano zina rakaa 17, na ndani yake mna sijda 34, na kila kuinuka ni kazi ya paja na nyonga ambayo mzee wa mataifa mengine huenda asiifanye hata mara moja kwa siku. Lakini rakaa nne za utulivu hazifikishi moyo kwenye mwendo wa nusu saa unaotajwa na matabibu. Zaidi ya hayo, mzee aliyekwisha kukalishwa husali kitini, kwa hiyo hata hilo fungu limempita. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu huku pwani, awezaye kusimama katika faradhi hakusamehewa kisimamo kwa sababu tu sijda imemshinda. Wako wengi waketio tangu takbiri ya kwanza hadi salamu ilhali walisimama wenyewe kutoka mlangoni hadi kwenye safu. Hao tumewaeleza ana kwa ana, hatutarefusha hapa.

Tueleze basi kazi yenyewe, kama alivyoifanya dada yetu na kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Alianza kwa dakika tano. Alitembea ndani ya nyumba, kutoka ukumbini hadi uani na kurudi, asubuhi na jioni, na kila baada ya siku kadhaa akaongeza dakika moja au mbili. Kipimo cha mwendo si saa wala mashine. Mtembeaji aweze kuzungumza, lakini akitaka kuimba kasida pumzi imkatike kabla ubeti haujatimia. Asiyeweza kuzungumza amezidisha. Awezaye kuimba kasida nzima ameuharamisha muda wake. Baadaye alitoka nje, baada ya sala ya alfajiri, jua la Mombasa halijawa kali, akafuata vichochoro vya Mji wa Kale hadi upande wa Ngome na kurudi.

Zoezi la pili ni la kiti, nasi twaona ndilo lenye manufaa makubwa kuliko yote kwa mzee. Kiti kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Mzee akae, akunje mikono kifuani, ainuke wima, akae tena polepole bila ya kujibwaga. Asiyeweza ashike mikono ya kiti mpaka ajaliwe kuiachia. Dada yetu wiki ya kwanza aliweza mara tatu, kwa kushika. Mazoezi ya nguvu hayahitaji kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisizofuatana, yatosha. Kuinuka kwa ncha za vidole vya miguu huku ameshika nondo za dirisha, kuinua chupa ya maji ya nusu lita, kufunga kimfuko cha mchanga kwenye kifundo na kuunyoosha mguu akiwa ameketi, yote haya yamo. Na la mizani ya mwili: asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, ukuta ukiwa karibu, na mtu mzima akiwa karibu zaidi ya ukuta.

Sasa tahadhari, na hapa twawaomba mama na mabinti wasome kwa utulivu, kwa sababu mengi yake yamo mikononi mwao.

Mzee akimaliza kutembea, mkono wa kwanza wa mapenzi humletea dafu. Huo ndio ukarimu wetu, lakini maji ya dafu yamejaa potasiamu, nayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Ikizidi katika damu huugusa moyo. Kwa aliyefika daraja za mwisho, au aliyeambiwa kuwa potasiamu yake iko juu, dafu si maji ya kupozea kiu. Tende nazo ni hivyo hivyo. Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya kuishusha atembee na peremende mfukoni, kwa maana figo mbovu hazitoi dawa hizo mwilini upesi, na sukari yaweza kumshuka ghafla njiani. Kuhusu kunywa maji, mwenye kiwango alichopangiwa na daktari abaki nacho, hata siku ya joto. Apunguze mwendo, asiongeze maji kwa rai yake.

Kesho yake mapaja yatauma. Ni maumivu ya kawaida, huondoka kwa siku mbili tatu. Hatari iko dukani, ambako kwa shilingi chache huuzwa ibuprofeni na diklofenaki, na kila nyumba ina mtu mwenye kuzisifu. Dawa za jinsi hii huziumiza figo, na kwa figo ambazo tayari ni mbovu ni mwiko mpaka daktari aseme vinginevyo. Asugue kwa maji ya moto, na akihitaji kidonge aulize juu ya parasetamoli.

Viatu vitazamwe. Ndara za kuogea ndizo zinazowaangusha wazee wetu, na mwenye sukari ya miaka mingi huweza kukatwa na kigae asihisi. Avae kiatu kilichofunika vidole, na jioni mjukuu mwenye macho mazuri amtazame nyayo.

Asitoke siku ambayo ana homa, au presha imepanda sana, au miguu imevimba kuliko kawaida, au pumzi inambana akiwa amekaa. Akiwa njiani akahisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio bila ya mpango, asimame hapo hapo na apelekwe hospitali. Na siku ya kuamkia kipimo cha damu asifanye zoezi zito, kwani kreatini huweza kupanda kwa muda, na nyumba nzima ikalala na hofu isiyo na sababu.

Walio kwenye mashine wana mambo yao mawili. Hapa kwetu wengi huenda mara mbili kwa wiki, na hurejea wakiwa hoi. Basi siku hiyo wapumzike, watembee siku za katikati. Aliyekosa zamu yake asifanye mazoezi mpaka asafishwe. Katika nchi kadhaa wagonjwa hupiga pedali wakiwa wamelala kitandani, katika saa mbili za mwanzo za kusafishwa, kabla presha haijaanza kushuka. La pili ni ule mshipa wa mkononi ulioundwa kwa upasuaji, ambao nao huitwa fistula, ingawa si ile ya uzazi. Mkono huo usibebe ndoo wala kikapu kizito, usifungwe kamba ya mfuko, usilaliwe. Lakini haukufa, kuminya mpira mdogo kwa kiganja, kama atakavyoelekezwa, huufaa.

Dada zetu wengi hutwambia kuwa haya ni mazuri ila hayawahusu, kwa sababu mwanamke mwenye heshima zake haonekani akikimbia barabarani. Nani amesema akimbie? Mazoezi haya hayana sare. Yafanywa ndani ya dira na ndani ya buibui, yafanywa darini kabla ya jua, yafanywa katika ukumbi wa madrasa siku ya darsa ya akina mama, robo saa kabla ya kitabu kufunguliwa. Na kwa watakao hewa ya bahari, kule Mama Ngina asubuhi mapema utawaona akina mama wa kila umri na mabuibui yao, wawili wawili, wakitembea na kuzungumza. Wanaume wenye kuwazuia mama zao kutoka kwa robo saa, huku wakiwaruhusu kukaa harusini saa sita mfululizo, twawaachia wajitafakari.

Limebaki swali la binti wa dada yetu: watu watasemaje? Walisema. Siku ya kwanza bibi alipoonekana uani na ufagio, jirani mmoja alipaza sauti kuwa mama mgonjwa anatumikishwa na binti wazima wapo. Maneno ya namna hii ni mazito kwa msichana wa Kiswahili, tena huenda ndiyo sababu kubwa ya wazee wetu kukalishwa, kuliko ujinga wa tiba. Heshima ya mtoto hupimwa kwa vitu ambavyo mzazi havifanyi. Sisi twaona kipimo hiki kina kasoro katika dini yenyewe. Wema kwa wazazi ni kuwatimizia wanachohitaji, na mama yule alihitaji kuingia chooni peke yake, ajitawadhe kwa mkono wake, wala asiinuliwe kwapani mbele ya wajukuu wa kiume. Mwili wake ni amana aliyopewa yeye kabla ya kuwa jukumu la binti zake. Tulimwambia binti amjibu jirani kwa upole kuwa ndivyo daktari alivyoandika, na kama hatosheki, karatasi ipo. Jirani aliiomba karatasi, akaisoma, na baada ya wiki mbili akaja kuuliza kama mumewe, ambaye naye ni mtu wa presha, aweza kufuatana nao asubuhi.

Kuhusu kuanguka, jawabu la daktari lilikuwa kwamba mzee huanguka kwa sababu miguu imelegea, na miguu hulegea kwa kukaa. Hilo halikumtosheleza binti, na hatumlaumu. Aliweka chuma cha kushikia ukutani mwa choo, akaondoa zulia lililokuwa likijikunja mlangoni, akatia taa kwenye ngazi. Kisha ndipo akamwachia mamake.

Imetimia miezi minane. Kiwango cha figo za dada yetu kilipopimwa mwezi uliopita kilikuwa karibu pale pale kilipokuwa, nasi hatudai kuwa ni kwa sababu ya kutembea, kwani dawa zake pia zilibadilishwa na chumvi imepungua kweli. Tudaiyo ni yale tuliyoyaona kwa macho. Ainuka kitini mara kumi bila ya kushika. Faradhi husali kwa kusimama na kusujudu juu ya mswala. Tarawehe hukaa baada ya rakaa nane. Kitanda chake kimerudishwa juu, na kila akipanda husimama katikati ya ngazi, si kwa uchovu tu bali apate kuwasikiliza wanaopita chini. Marikiti huenda Jumamosi pamoja na mjukuu, mjukuu ndiye abebaye kikapu. Mbuzi ya kukunia nazi bado iko juu ya kabati, na mzozo juu yake unaendelea.

Wabillahi tawfiq.